Pikipiki kwenye mvua na baridi: mwongozo kamili kwa anayewahi kazini Njombe na nyanda zote za juu

Asubuhi ya baridi, breki ya kwanza kuharibika ni mkono wa kulia. Breki yenyewe inaweza kuwa mpya na waya wake umekazwa jana, lakini vidole vilivyokufa ganzi vinachelewa kuifikia, na vikiifikia havijui vinabana kiasi gani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mavazi, halafu ndipo tuje kwenye pikipiki. Wengi tunafanya kinyume: tunamlipa fundi, tunabadilisha tairi, kisha tunapanda na sweta moja na mikono mitupu.

Nitatumia mifano ya Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, kisha baridi inashika kuanzia Juni hadi Agosti, na ukungu wake na manyunyu yale ambayo mgeni hayahesabu kuwa mvua mpaka aone suruali imelowa mapajani. Mwalimu anayeshuka Uwemba, muuguzi wa zamu Kibena, karani wa halmashauri, muuza pembejeo, wote hawa usafiri wao ni pikipiki ya cc 125 au 150. Aliye Makete, Mufindi, Uyole, Tukuyu au hata Limuru kule Kenya atakuta mengi yanamhusu.

Unapambana na nini hasa

Kipimajoto kikisoma nyuzi 10 za Selsiasi nawe uko mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba nje ni nyuzi 5. Kikisoma 5, ngozi inaona iko chini kidogo ya sifuri. Hapo bado u mkavu. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo manyunyu ya nyuzi 12 yaliyopenya hadi kwenye fulana ni mabaya kuliko asubuhi kavu ya nyuzi 6. Mpangilio wa kazi ni huu: zuia maji, zuia upepo, halafu ndipo uongeze nguo za joto. Masweta matatu yasiyo na kizuia upepo juu yake hayakufikishi mbali.

Kumbuka pia kwamba baridi hushuka mabondeni. Unatoka nyumbani kilimani unaona afadhali, ukiteremka kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni, unakuta hali nyingine kabisa, na kati ya Juni na Julai unaweza kukuta sakitu imetanda kwenye majani na kwenye mbao za daraja. Vaa kwa ajili ya bonde. Ukivaa kwa ajili ya mlangoni kwako utaumbuka njiani.

Hatua ya 1: Nguo, kuanzia kwenye ngozi

Fulana ya pamba iache. Inanywa jasho na maji ya mvua, na ikishalowa haikauki mpaka jioni. Jezi ya mpira wa miguu, ile ya kitambaa chepesi cha kuteleza, ni bora zaidi kukaa karibu na ngozi, na karibu kila nyumba inayo. Juu yake vaa sweta la sufi au yale masweta mepesi yenye manyoya mafupi ambayo yamejaa kwenye mitumba. Sufi hata ikilowa inabakiza joto kidogo.

Juu ya sweta ndipo pakae kizuia upepo. Mwenye jaketi la kawaida la zipu anaweza kuligeuza, mbele nyuma, kama wanavyofanya vijana wa bodaboda, upepo usipate njia kifuani. Ni ujanja mzuri, ila hakikisha unaweza kulivua mwenyewe bila kuomba msaada. Asiye na jaketi la maana akunjue boksi jembamba au magazeti mawili matatu aweke kifuani chini ya sweta la juu. Watu wanacheka, lakini kifua kinabaki na joto, na kifua kikiwa na joto damu inaendelea kwenda mikononi.

Koti la mvua ndilo la kununua kwa makini, na mahali pa kulitafuta ni mitumbani. Makoti mapya ya bei ndogo ya madukani, yale ya nailoni nyembamba, huchanika kwenye mshono wa katikati ya miguu mara ya tatu unapopandisha mguu juu ya siti. Mitumbani unaweza kupata koti la wavuvi au la wapanda milima wa Ulaya kwa bei ya kuongeleka. Lijaribu hivi. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Hewa ikipita, upepo utapita. Ligeuze ndani nje utazame mishono: koti la mvua la kweli lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, na utepe huo ukiwa umeanza kubanduka kama ngozi ya ndizi, liache hata kama rangi inang'aa. Angalia zipu, iwe na kifuniko cha kitambaa juu yake. Mwisho kaa kwenye benchi la muuzaji, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani. Mkono wa koti ukipanda juu ya kifundo, maji yatapata mlango. Vaa sweta lako siku ya kwenda kununua, kwa sababu koti linalokutosha bila sweta halitakutosha nalo.

Rangi chagua ya njano, ya chungwa au nyekundu. Mabaka ya kijeshi yapo mengi kwenye mitumba na mara nyingi ni makoti imara, lakini sheria zetu haziruhusu raia kuvaa kinachofanana na sare za jeshi, na koti la namna hiyo limetengenezwa lisionekane, jambo ambalo ni kinyume kabisa na unachokitafuta kwenye ukungu. Juu ya koti vaa kizibao chenye reflekta.

Chukua koti na suruali yake, vipande viwili. Koti refu la kushuka hadi magotini linapigwa na upepo, na pindo lake linaweza kuingia kwenye cheni. Mwavuli mkubwa wa kufunga kwenye pikipiki sikushauri kabisa kwa barabara za miinuko: upepo wa pembeni ukiupata kwenye mgongo wa mlima, usukani si wako tena.

*Mikono.* Hapa usibane matumizi. Glovu nene za ngozi ni nzuri siku kavu, lakini zikilowa zinakuwa barafu. Njia ya bei ndogo inayofanya kazi ni kuvaa glovu nyembamba za sufi ndani, kisha glovu za mpira za kuoshea vyombo juu yake, saizi kubwa kuliko mkono wako ili vidole visibanwe. Kidole kilichobanwa hakipati damu na kitaganda hata kama glovu ni ya bei mbaya. Mkono wa glovu uingie chini ya mkono wa koti, maji yanayoteremka yapite juu.

Halafu tengeneza ngao ya mikono kwa dumu la lita 5 la mafuta ya kula. Lioshe, ukate kwa urefu upate nusu mbili zilizopinda. Kila nusu itoboe matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto: moja la kufungia kwenye mguu wa sait mira, lingine kwenye usukani karibu na swichi. Funga kwa waya laini au mpira wa tyubu, upande uliopinda ukitazama mbele. Sasa bana breki na klachi hadi mwisho, zungusha usukani kulia mpaka ukome, kisha kushoto. Plastiki isiguse mpini wala waya wowote, na mkono wa mafuta urudi wenyewe ukiuachia. Ikigusa, punguza kwa mkasi. Kifaa hiki hakipendezi, lakini upepo na matone havitapiga vidole moja kwa moja, na tofauti utaiona kabla hujamaliza mteremko wa kwanza.

*Miguu.* Gambuti na soksi mbili. Suruali ya mvua ikae nje ya gambuti, isiingizwe ndani. Ukiiingiza, kila tone linaloteremka mguuni linaishia kwenye soksi. Kabla ya kununua, jaribu kama ncha ya gambuti inapita chini ya mguu wa gia. Pikipiki nyingi za kwetu zina gia ya kukanyaga mbele na kisigino, na kwa gambuti kubwa utategemea kisigino zaidi. Soli iliyolika ni hatari ukisimama kwenye tope la mteremko, mguu unateleza na pikipiki inakulalia.

*Kichwa na shingo.* Mzula mnene ndani ya helmeti unaifanya helmeti icheze, na helmeti inayocheza haikulindi. Tumia kofia nyembamba inayofunika kichwa, masikio na shingo na kuacha macho. Skafu ndefu ingiza ndani ya koti, isipepee. Kioo cha helmeti kikipata ukungu kwa ndani, dawa ni tone la sabuni ya maji ya vyombo: pakaza upande wa ndani kwa kitambaa laini, acha kikauke, futa mpaka uone vizuri. Wapo wanaosugua kiazi kilichokatwa, na kwa Njombe viazi havikosekani. Kioo chenye mikwaruzo mingi kibadilishe tu. Usiku wa mvua, taa ya gari moja likija mbele inasambaa kwenye mikwaruzo yote na huoni barabara.

Hatua ya 2: Pikipiki yenyewe

Tairi kwanza. Tairi kipara kwenye lami kavu linaweza kukudanganya kwa miezi, kwenye lami yenye maji halikudanganyi hata asubuhi moja. Kashata za katikati, yale meno ya tairi, zikibaki na kina cha chini ya milimita 2, badilisha, na anza na la mbele kama hela haitoshi kwa yote mawili, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza ni nadra kulirudisha. Ukinunua, tafuta tarakimu 4 ndani ya kiduara pembeni mwa tairi: 2321 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa dukani miaka mingi mpira wake umekauka, linateleza hata kama kashata ni mpya. Upepo jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha pikipiki yako, upime asubuhi tairi likiwa la baridi. Ile imani kwamba mvua ikianza unapunguza upepo ili tairi "lishike" haifai kwa lami. Tairi laini haliyafukuzi maji vizuri.

Pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma, nyuma na hata mbele. Maji yakiingia ndani ya ngoma breki inakuwa dhaifu ghafla. Mwambie fundi afungue, asafishe vumbi la breki shuu na kupima unene wake kabla ya mvua za Novemba. Waya za breki na klachi zitiwe oili, maana maji yakikaa ndani ya ala yake yanaleta kutu na waya unakuwa mgumu, na mkono wenye baridi hauna nguvu za ziada.

Cheni inaliwa na maji na mchanga haraka sana. Iwe na ulegevu wa sentimita 2 hadi 3 katikati. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini watu wanaipenda kwa sababu ni ya bure, lakini ina chembe za chuma na masizi. Oili ya giaboksi, ile namba 90, ni nzito na inakaa.

Umeme wa pikipiki unaugua wakati wa mvua. Injini ikianza kukohoa ukipita kwenye maji, mara nyingi ni kofia ya plagi imepasuka na cheche inatorokea pembeni. Ibadilishe, bei yake ni ndogo. Taa ya breki ijaribu kila asubuhi, jioni utumie ukuta kuona inawaka kwa mkono na kwa mguu. Swichi ya breki ya nyuma ndiyo inayoshika kutu mapema kuliko zote. Madigadi ya mbele, kama lilikatika ukaliona halina kazi, lirudishe: bila hilo maji yote ya gurudumu yanakuja usoni na kwenye plagi.

Kuhusu mafuta, jaza tangi jioni. Tangi lililo nusu lina hewa ndani, na hewa yenye unyevu ikipoa usiku inaacha matone yanayoshuka hadi kwenye kabureta. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia maji na uchafu. Muombe fundi akuonyeshe, kisha fanya mwenyewe mara kwa mara msimu wa mvua.

Hatua ya 3: Jioni kabla ya safari

Asubuhi ya baridi hakuna anayefikiri vizuri, kwa hiyo maamuzi yote yafanyike jioni. Panga nguo kwa mfuatano wa kuvaa. Pakia begi: nguo za ofisini, soksi kavu, viatu, taulo dogo, glovu za akiba. Kompyuta na makaratasi viingie kwanza kwenye ule mfuko wa nailoni unaokaa ndani ya kiroba cha mbolea, uliooshwa vizuri na kukaushwa, ukaukunja mdomo mara tatu na kufunga kwa mpira. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, na kusema kweli kwa kazi hii haikuwahi kufaa. Begi lifunge kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Likikaa mgongoni mishipi yake inakandamiza koti mabegani na maji yanapenya hapo.

Ongeza dakika 20 kwenye muda wako wa kawaida wa kutoka. Ajali nyingi za asubuhi ya mvua zinatokana na mtu mwenye kikao saa 2 anayejaribu kufidia alichopoteza kwenye ukungu.

Hatua ya 4: Kuwasha na kutoka

Pikipiki ikilala kwenye baridi, betri inakuwa dhaifu na oili inakuwa nzito. Usiibonyeze stata mpaka ife. Vuta choki, piga kiki mara mbili tatu swichi ikiwa imezimwa ili oili isogee, kisha washa na upige kiki moja ya nguvu. Ikiwaka usiibabaishe kwa kuvuta mafuta. Iache ingurume dakika moja au mbili nawe unamalizia kuvaa glovu, ondoa choki, toka taratibu. Anayesahau choki anakwenda kazini akinuka petroli na plagi imejaa masizi.

Mita 200 za kwanza, kabla hujaingia barabara kubwa, jaribu breki zote mbili. Kama ulilaza pikipiki nje, ngoma zinaweza kuwa na unyevu.

Hatua ya 5: Barabarani

Mvua inapoanza tu baada ya siku kadhaa za jua, dakika 15 za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Vumbi, mpira wa matairi na matone ya oili vilivyojikusanya vinachanganyika na maji kidogo na lami inakuwa utelezi. Ukiweza, subiri kibarazani mvua ioshe barabara. Mvua kubwa iliyonyesha saa nzima huacha lami safi kuliko manyunyu yaliyoanza sasa hivi.

Dizeli ni adui mwingine. Barabara ya Makambako hadi Songea inapitisha malori ya mbao na ya makaa ya mawe, na lori lililojaza tangi hadi mdomoni humwaga likipanda mlima au likikata kona. Juu ya maji utaona rangi za upinde wa mvua. Wakati mwingine pua inatangulia. Ukiinusa, nyoosha pikipiki, usivute mafuta wala usibane breki, pita. Kona za kupanda na maingilio ya vituo vya mafuta ndiko inakopatikana zaidi. Jihadhari pia na michoro myeupe ya vivuko, vifuniko vya chuma, reli, na mbao za madaraja. Vitu hivi vyote ukivivuka pikipiki iwe wima, usiwe umeilaza. Na pale ambapo barabara ya shamba la miti inaingia kwenye lami, malori yanaacha tope jekundu kwa makumi ya mita. Ukiona lami imebadilika rangi, punguza mwendo kabla hujaifikia.

Mwendo: kwa kilomita 40 kwa saa kwenye lami iliyolowa, tangu unapoona hatari hadi unaposimama, hesabu kama mita 26. Kwa 60, hesabu kama mita 50. Hapo nimekupa sekunde moja ya kushtuka na mikono yenye uhai. Ganzi ikiongeza sekunde nyingine, kwa mwendo wa 60 sekunde hiyo ni mita 17 zaidi. Ukifuata gari, chagua nguzo; likiipita anza kuhesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, mpaka mia moja na nne. Ukiifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno.

Breki tumia zote mbili, ya mbele ikibanwa polepole na kuongezwa, si kwa kukwapua. Kwenye mteremko mrefu shuka na gia ya tatu au ya pili, injini ikushike, wala usizime kuokoa petroli. Ukitoka kwenye dimbwi lililofika kwenye ngoma, kanyaga breki kidogo huku ukiendelea kwenda kwa mita kadhaa, joto likaushe shuu.

Lori likija mbele kwenye mvua litakurushia ukuta wa maji na upepo. Kabla halijafika, angalia barabara ilivyo mbele yako, kaza magoti kwenye tangi, legeza viwiko, punguza mafuta kidogo. Kwa sekunde mbili huoni kitu, kwa hiyo uwe unajua ulichokuwa nacho mbele. Kuliovateki lori kwenye mvua na ukungu, hata likitambaa, ni jambo ninalolikataa moja kwa moja. Chelewa.

Kwenye ukungu washa taa dimu. Fulu inagonga ukungu na kurudi machoni mwako. Mwendo uwe ule unaoweza kusimama ndani ya umbali unaouona: kama unaona mita 30 tu, usizidi 40. Futa kioo kwa kidole gumba cha glovu kila mara, manyunyu ya ukungu yanajikusanya bila wewe kujua. Ukilazimika kusimama, toka kabisa nje ya lami, uingie kwenye nyasi; kusimama pembeni na taa zinawaka kunaweza kumfanya dereva wa nyuma adhani wewe ndiye barabara.

Barabara ya udongo mwekundu ina adabu zake. Gia ya pili, mafuta yasiyobadilikabadilika, macho mbali. Breki ya mbele isahau kwa muda. Chagua mkondo mmoja wa tairi za gari na ubaki ndani yake. Kuhama mkondo katikati ya utelezi ndiko kunakolaza watu. Tope likijaa kati ya tairi na madigadi gurudumu linakwama, basi beba kijiti kigumu cha kukwangulia. Maji yanayokatiza barabara, kama yanakwenda kasi au yamefika juu ya ekseli, usiingie. Maji yaliyotulia ukayavuka na injini ikazimika katikati, usipige kiki: isukume nje, fungua plagi, piga kiki uone kama maji yanatoka, kagua chujio la hewa na oili. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, kwa leo safari imeishia hapo.

Ukiwa na abiria, yeye anaganda kuliko wewe kwa sababu hafanyi kazi yoyote. Mpe koti au usimbebe, na mtoto usimbebe kabisa kwenye mvua ya baridi.

Hatua ya 6: Baridi ikikuzidi

Kutetemeka ni mwili unajipasha moto, bado uko salama. Hatari inaanza pale unaposhindwa kuzima indiketa kwa kidole gumba, unapokosa gia mara mbili mfululizo, au unapogundua umepita kijiji hukumbuki kukipita. Hapo simama kwenye kibanda cha kwanza cha chai. Vua glovu zilizolowa, ingiza mikono kwapani, ruka ruka, agiza chai ya moto yenye sukari. Mikono yenye ganzi usiiweke juu ya moto, haihisi na itaungua. Ukiona mwenzako anaongea kwa kukokota maneno na ameacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, huyo haendeshi tena: mvue nguo mbichi, mfunike, mpelekeni kituo cha afya.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, na Konyagi haviingii hapa. Najua msimu wa ulanzi ndio huohuo wa mvua na mzee atakwambia kikombe kimoja kinachemsha damu. Unachohisi ni damu kukimbilia kwenye ngozi, na ikifika huko inapozwa na upepo. Baadaye mwili wa ndani uko baridi kuliko mwanzo, na uamuzi wako umepungua juu ya hapo.

Hatua ya 7: Ukifika, na ukirudi

Kazini omba kona ya kutundika, stoo au nyuma ya mlango wa choo cha watumishi, na msumari wako mwenyewe. Koti likung'ute nje kabla ya kuingia. Badilisha soksi kabla ya salamu. Gambuti zijaze magazeti yaliyokunjwa, uyabadilishe saa sita mchana, yatakuwa yamenyonya unyevu mwingi. Glovu zigeuze ndani nje. Jioni utavaa vitu hivyohivyo, na hakuna kinachokatisha tamaa kama kuingiza mguu mkavu kwenye gambuti lenye maji.

Nyumbani, kausha nguo kwa hewa na nafasi, mbali na moto wa moja kwa moja unaoyeyusha utepe wa mishono. Jiko la mkaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa ili nguo zikauke usiku mkiwa mmelala. Hewa yake haina harufu, inaua familia nzima, na nyanda za baridi ndiko watu wanakoshawishika zaidi kufanya hivyo. Jiko likae nje au kwenye chumba cha kupikia chenye madirisha wazi, na watu wawe macho.

Pikipiki imwagie maji ya kawaida kuondoa tope kwenye cheni, ngoma na mapezi ya injini, injini ikiwa imepoa. Kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, futa cheni kwa kitambaa, tia oili namba 90 upande wa ndani wa cheni, tone kwa tone mpaka izunguke yote. Fanya hivyo jioni hiyohiyo, oili ipate usiku mzima wa kuingia kwenye pini. Ukiitia asubuhi wakati wa kuondoka, nusu yake utaikuta kwenye suruali.